Samadi kwenye Mawaridi ya Madam

Leo nimeaibika mpaka masikio yakapata moto.

Kazi yangu hapa Dubai mnaijua: nazoa mavi ya farasi na maranda wanayolalia, napakia kwenye trela ya katrekta kadogo, naenda kumwaga jaani.

Sasa sisi watu wa Nyeri, kuona samadi ikitupwa hutuuma sana.

Basi leo, bila kutumwa na mtu, nikageuza trekta nikamwaga trela nzima kwenye mawaridi mapya ya madam, mwenye farasi. Nikasimama kungoja shukrani.

Rashid, mwenzangu wa Unguja, akaja kashika kiuno. "Kaka Mwangi, hebu liguse hilo ua."

Nikaligusa.

Plastiki! Na nyasi pia plastiki!

Madam akatoka, pua kaiziba kwa shela, na wageni wake wako njiani. Hata hakufoka, ndiyo maana iliniuma zaidi.

"Mwangi, nipe ufunguo wa trekta. Yalla, haraka, yaoshe maua."

Wageni wakanikuta nimepiga magoti, nasugua mawaridi kwa shampuu ya farasi.

Chekeni tu, lakini mnishauri: kesho nimwombeje ule ufunguo? Maana toroli la kubebea mavi badala ya trekta nimeshaonyeshwa.