Binti wa Juzuu ya Nne

Nina ugonjwa wa kupenda riwaya ndefu za Uingereza ya karne ya kumi na tisa, zile za juzuu sita sita, ambamo mchungaji huweza kunywa chai kwa sura nzima. Wenzangu chuoni walizisoma kwa ajili ya mtihani. Mimi nilizisoma kwa raha, na nikajiona mtu wa maana sana.

Mwaka ambao mtoto wa jicho alimzidi mama asiweze kuona, nilichukua likizo ya ualimu, nikarudi kijijini kwetu Kulesa kukaa naye. Nilibeba juzuu zote sita za riwaya moja niliyokuwa sijaisoma bado, kwa pikipiki kutoka Garsen, zimefungwa juu ya gunia la unga. Kila alasiri nilimsomea barazani, nikigeuza Kiingereza kuwa Kipokomo papo hapo. Nilidhani atasinzia. Badala yake alitaka kujua mto wa mji wa kitabuni hufurika mwezi gani, na mbona watu wenye mashamba makubwa hivyo hawaonekani wakilima.

Katika juzuu ya nne, binti wa mwenye kinu cha kusagia ngano alianza kukohoa. Ijumaa ile akina mama wa kanisa walikuja kusali kwetu, na mama akataja wagonjwa kama kawaida: jirani na mguu wake, mjukuu wa fulani na homa, kisha, "Na binti wa mwenye kinu. Kifua."

Hakuna aliyeuliza ni wa wapi. Waliomba kwa nguvu. Baada ya siku chache mmoja wao alinisimamisha njiani.

"Mwalimu, yule binti wa kinu vipi?"

"Bado anakohoa."

"Kwani huko kwao hakuna mwarobaini?"

"Hakuna, mama. Kuna baridi tu."

"Basi si wamhamishe!"

Nilicheka mpaka nyumbani. Kisha nikasoma mbele peke yangu, na kicheko kikaisha. Binti alikufa mwishoni mwa juzuu ile ile.

Sikuweza kumsomea mama. Kaka yangu alipofariki Mombasa, mimi ndiye niliyempigia mama simu, na nilifanya kama tufanyavyo kwetu, maana msiba hausemwi kwa simu. "Ni mgonjwa, mama. Tunakuja naye." Siku mbili alimwombea apone, pamoja na wanawake wale wale, mpaka gari likasimama uani na jeneza ndani. Hakunilaumu. Hakulizungumzia jambo hilo tena kamwe.

Basi nikamponya binti wa kinu kwa mdomo wangu. Ijumaa akina mama waliimba nyimbo za shukrani. Katika juzuu ya tano nilimpa mchumba, nikamtungia maneno, nikampeleka hata kwenye mazishi ya watu wengine. Shahada mbili za fasihi, na bado sikujua kuwa kumweka hai mtu mmoja kunachosha hivyo. Wote waliomlilia kitabuni ilibidi niwatafutie kilio kingine.

Alasiri moja mama aliinua mkono nikanyamaza.

"Baba, huyu binti alikufa, eh?"

"Nani kakwambia?"

"Wengine wakisema, nasikia ukifunua karatasi. Akisema yeye, karatasi haifunuki."

Nilikifunga kitabu.

"Ya kaka yako ulinificha siku mbili," akasema, bila hasira. "Nilimwomba Mungu amponye mtu aliye ndani ya sanduku. Mpaka leo nikiombea mgonjwa, naogopa nimechelewa. Rudi pale alipofia. Soma."

Nilirudi kwenye juzuu ya nne, nikasoma bila kuruka neno. Nilipomaliza, mama aliuliza binti alizikwa wapi. Nikamwambia, na safari hii maneno niliyatoa kitabuni: kando ya kanisa, mahali ambapo mto unasikika.

Ijumaa alipotaja wagonjwa, binti hakuwemo. Mama alimtaja baadaye, kwenye waliofiwa: "Na mwenye kinu, amefiwa na binti yake." Yule mama wa mwarobaini alinikazia macho, kama mtu aliyefichwa habari. Kisha mama, kwa mara ya kwanza tangu jeneza lile liingie uani, akataja jina la kaka yangu.