Kitabu Kimoja, Watoto Sita

Mwalimu Mwaija Sadala hufika darasani kabla ya watoto kwa sababu mbuzi hulala humo, na ni lazima kinyesi kifagiliwe kabla watoto hawajaketi chini. Darasa lenyewe ndiyo shule nzima. Ni shule shikizi: chumba kimoja kilichojengwa na wazazi wa kitongoji kilicho ndani kabisa ya Mkata, wilayani Handeni, ili wadogo wasitembee kilomita tisa kwenda shule mama. Mwaija amefundisha humo miaka kumi na mmoja kwa kujitolea. Wazazi humletea mahindi mavuno yakiwa mazuri na mihogo yakiwa mabaya. Cheti cha ualimu alichokipata akiwa binti wa Makuyuni, Korogwe, bado amekifunga kwenye mfuko wa nailoni, akisubiri ajira ambayo nimechoka kumuuliza habari zake.

Darasa la pili lina watoto arobaini na wanane na vitabu vinane vya kusomea. Kwa hiyo watoto sita hukizunguka kitabu kimoja kilicholazwa sakafuni: wawili upande wa chini, mmoja mmoja ubavuni, wawili upande wa juu. Kila mtoto huilinda nafasi yake kama mkulima anavyolinda mpaka wa shamba. Mwaija aliwaacha hivyo, kwa kuwa ugomvi wa nafasi ulikuwa ukila nusu ya kipindi. Hilo ndilo kosa lake, na hulisema mwenyewe kabla hujamuuliza.

Mwaka huu ulikuja mradi. Karatasi zake zilikumbusha kwamba mataifa yameazimia, ifikapo mwaka 2030, kila mtoto apate elimu bora. Kisha likafuata sharti: katika kila shule shikizi watoto kumi wangechaguliwa kwa kura, na kama sita kati yao wangesoma maneno thelathini kwa dakika moja, shule ingepewa vitabu, kila mtoto na chake. Yaani vitabu wapewe wanaojua kusoma. Ni nani aliyekaa kwenye ukumbi wenye viyoyozi akaliona hilo kuwa jambo la busara, sijui. Mwaija hakuwa na nafasi ya kukasirika. Alivitaka vitabu hivyo kuliko alivyoitaka ajira.

Mpimaji alikuwa kijana mpole aitwaye Deogratius, aliyeshika kishikwambi.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa hapo kwenye ndoo, kiti chetu kimekwenda msibani.”

Watoto tisa wakapimwa. Watano walifaulu, wanne wakashindwa. Alibaki mmoja, na kura ilikuwa imemwangukia Yusra, msomaji hodari kuliko wote darasani. Mwaija akashusha pumzi.

Deogratius akaiweka karatasi mezani. Yusra akaigeuza juu chini, akaanza kusoma mbio.

“Hapana, mdogo wangu. Hivi.” Akaigeuza.

Yusra akawa anaokota herufi mojamoja. Akaigeuza tena.

“Acha kuichezea karatasi.”

“Siichezei, kaka. Wewe ndiye umeipindua.”

Watoto waliokuwa wakichungulia dirishani wakaangua kicheko. Dakika ikaisha.

“Mwache asome anavyojua,” Mwaija akasema. “Kwani hasomi?”

“Anasoma, mwalimu, masikio ninayo. Lakini mwongozo unasema mtoto akigeuza karatasi, basi hajui mwelekeo wa maandishi. Ni sifuri. Na hiki kidude kikishahesabu dakika hakirudi nyuma.”

Hapo ndipo Mwaija alipokumbuka. Yusra alikuwa akikaa upande wa juu wa kitabu tangu Januari. Ubaoni alisoma kwa kusitasita, na Mwaija, akidhani ni macho, akamsogeza mbele. Nyumbani alimsomea bibi yake ujumbe kwenye simu ya kitochi akiwa ameishika kichwa chini. Bibi, ambaye hakuwahi kwenda shule, hakuona ajabu yoyote.

Jumatatu iliyofuata Mwaija alimwomba bibi ruhusa, akapanda basi na Yusra hadi Korogwe, ofisini kwa mradi. Msimamizi, mwanamke aitwaye Hilaria, aliwaketisha ng’ambo ya meza yake na kumsikiliza Mwaija kwa adabu. Mbele ya Hilaria kulikuwa na barua. Wakubwa wakiwa bado wanazungumza, sauti ndogo ikaanza kusoma bila kukwama:

“Shule shikizi hii haikufikia kigezo. Inapendekezwa mwalimu apewe mafunzo ya namna ya kumshikisha mtoto kitabu.”

Hilaria akaifunika barua kwa kiganja.

“Huyu mtoto ana macho ya hatari,” alisema.

“Ndiye huyo mliyemwandikia sifuri, dada.”

“Nimemsikia, mama. Angekuwa wa sita. Lakini mfumo ulifungwa Ijumaa. Ningekuwa na uwezo…”

“Vitabu viko wapi?”

“Viko stoo. Vinakwenda kwa waliofaulu.”

“Stoo ya wapi?”

Hilaria akaonyesha mlango uliokuwa nyuma yake, hatua nne kutoka pale alipoketi Yusra. Mwaija aliutazama kwa muda, kisha akasimama, akamshika mtoto mkono. Kwenye basi la kurudi Yusra aliuliza kama amekosea kusoma. Akajibiwa kwamba hakukosea.

Mafunzo yale hayajafika mpaka leo. Nilipomtembelea mwezi uliopita, Mwaija alikuwa na utaratibu mpya. Kila ukurasa unapoisha hupiga kofi moja, na watoto arobaini na wanane huinuka, husukumana, hulaumiana, na kusogea nafasi moja kukizunguka kitabu. Nusu ya kipindi huishia hapo, ile ile aliyojaribu kuiokoa kwa kuwaacha walipozoea. Yusra sasa anasoma pande zote nne. Mwongozo hauna mahali pa kuliandika hilo.

“Mwakani watakuja tena kupima,” Mwaija aliniambia, mikono ikiwa tayari kwa kofi. “Sogeeni, wanangu. Sogeeni.”