Buibui Anayeishi Juu

Nilimsikia kabla ya kumwona. Mkwaruzo mdogo, kama kucha juu ya gazeti, ulitoka ndani ya mkungu wa ndizi nilioununua soko la Daraja Mbili na kuuegemeza ukutani, ungali umefungwa kwa majani yake makavu. Nilikuwa nikipuliza jiko la makaa. Nikaacha kupuliza. Kisha mguu mmoja wa kijivu, wenye manyoya, ukajitokeza na kuupapasa ukuta kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani. Ungekuwa nami, rafiki, ungeniambia nichukue kiatu. Mimi nilisahau chai.

Papo hapo moyoni nilikuwa nimerudi Nyansiongo, utotoni, miaka ile mashamba ya wazungu yalipogawanywa na baba akapata kipande chetu cha mahindi na malisho. Dada yangu mkubwa alikuwa amelala katika nyumba ya nyanya. Mgongo wake uliugua, na daktari wa zahanati alisema alale chali juu ya ubao, asigeuke wala kuinuka, hadi hospitali kubwa ya Kisii ipate nafasi. Kwa hiyo ulimwengu wa dada ulikuwa paa la nyasi. Aliujua kila ufito.

"Hakuna kinachotembea huko juu," aliniambia siku moja. "Niletee buibui nimfuge."

Nilimtafutia kwa makini, kama baba achaguavyo ndama. Kulikuwa na yule mnene wa shimoni, kando ya njia ya kisimani. Nilimleta ndani ya mkebe wa kakao, dada akamkataa kabla sijaufungua vizuri.

"Huyo atachimba sakafu ajifiche. Nitamwona kwa kitu gani, kwa visigino?"

Yule wa migombani, mwenye mistari ya manjano, alipendeza, lakini utando wake ulitaka upana wa mlango, na nyanya angeuvunja kwa kichwa kila akiingia na kuni.

"Nataka wa mtini," dada akasema. "Aliyezoea kuishi juu."

Wa mtini nilimpata kwenye mti mzee kando ya kijito, katika ufa wa gome, ndani ya mfuko mweupe kama soksi ya mtoto mchanga. Jirani yetu alipita na ndoo ya maziwa akaniona nimeukumbatia mti kwa miguu.

"Wee binti, mti huo huzaa nini?"

"Buibui, mama."

"Basi wabakizie wenzako. Na ushuke, nani ataoa msichana mwenye magamba ya mti magotini?"

Nilimpandisha paani kwa ufito. Asubuhi tulimkuta sakafuni, amejikunja karibu na mlango, bado yu hai. Ulikuwa moshi. Moto wa nyanya uliwaka katikati ya nyumba tangu tulipohamia humo, kama katika kila nyumba aliyoishi tangu akiwa bibi arusi. Ndio uliokausha nyasi za paa, ndio ulioivisha ugali wa wimbi, na hakuna mdudu aliyeuvumilia. Dada hakulia. Aliyageuza macho tu, maana shingo hakuruhusiwa, akalitazama paa tupu.

Jioni ile nyanya alibeba mafiga yake, jiwe moja moja, akayahamishia kwenye kibanda cha ndama. Nyansiongo kuna baridi, rafiki. Umande wa huko huuma vidole. Jirani alikuja kuomba kaa la moto akakuta majivu.

"Mama, umezima moto kwa sababu ya buibui?"

"Nimeuhamisha. Mgeni wa mjukuu wangu hapendi moshi."

"Na wewe, baridi?"

"Baridi nilizaliwa nayo."

Nilimrudisha buibui paani, naye akakaa. Alishona soksi yake pale fito zinapokutana, juu kabisa ya uso wa dada, na jua likizama alitoka, mguu baada ya mguu. Nilimkamatia nondo. Dada alianza tena kucheka, kicheko kifupi cha mtu anayeogopa kutikisa mgongo. Nyanya aliingia na bakuli la chinsaga, mboga chungu zilizolazwa kwenye maziwa, midomo ikimtetemeka kwa baridi, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Mgeni amekula?"

Ule mti ulikatwa ukawa makaa. Nyumba ilianguka. Nyanya hakuyarudisha mafiga ndani hadi alipokufa. Alisema amezoea nje. Dada hakurudi kutoka Kisii. Nami sasa naishi katika mji huohuo aliopelekwa, na nikienda sokoni huzunguka njia ya mbali nisipite langoni pa hospitali. Leo nimelitoa jiko nje likiwa bado linawaka, nikanywa maji baridi. Ule mguu wa kijivu umeshafika pembe ya dari.

Siku walipomchukua dada kulikuwa na manyunyu. Baba na ndugu zake walimbeba juu ya ubao wake uleule kumpeleka kwenye gari la maziwa. Mlangoni aliwaomba wasimame, akatazama juu, muda mrefu.

"Nyanya, ufunge vizuri," akasema. "Asije akasikia baridi, akatoka."

Nyanya aliwafuata hadi nje. Kisha akageuka, mvua ikimlowesha mabega, akauvuta mlango taratibu, kama mtu anavyofunga chumba alimolala mtoto.