Kidonda cha Kwenye Kisahani

Zamani, hapa Chang'ombe, mtu akiwa na kidonda mtaa mzima ulikijua. Majirani waliingia hata kabla hodi haijaitikiwa. Mmoja akachemsha maji, mwingine akaosha, wa tatu akagombeza. Sasa kila nyumba ina geti. Bi Chausiku, mjane mwenye kisukari, alikuwa anafuga kidonda cha mguu nyuma ya geti lake, alikoishi na mpangaji wake Kokushubila.

Koku ni binti wa walimu wa Bukoba. Kazi yake ni ya maabara: anaotesha seli za ngozi ya binadamu kwenye visahani vya plastiki. Zikishajaa na kushikana kama mkeka, anazikwaruza kwa ncha ya plastiki ili ibaki njia tupu katikati. Kisha anatazama kwa hadubini jinsi seli za kingoni zinavyotambaa kuiziba. Njia hiyo yeye na wenzake wanaiita kidonda. Wasomi wa siku hizi wanachukua neno lolote lililo karibu, hawaulizi kama lina mwenyewe.

Bi Chausiku alimpa majani ya mshubiri wa uani akayajaribu huko maabara. Jioni moja Koku akarudi anacheka.

"Bibi, kidonda kimefunga. Chote."

"Kwa mshubiri wangu?"

"Huohuo."

"Nyie Wahaya mna maringo, lakini leo ringa tu, mjukuu wangu."

Mimi jirani yao nilikuwapo barazani. Hakuna aliyesikia kosa lolote katika maneno hayo.

Tangu hapo Bi Chausiku akaacha kwenda zahanati kusafishwa. Akawa anafunga mshubiri kwa kitambaa, na Koku akimuuliza hali anajibiwa, "Kinaendelea vizuri." Koku hakuomba kukiona. Zamani mpangaji angekiona hata asipotaka, maana bafu lilikuwa moja, la uani. Siku hizi mpangaji ana choo chake ndani na mlango wake wa pembeni.

Harufu ndiyo iliyosema. Jumapili, Koku ametoka kanisani, akakifungua kile kitambaa. Vidole viwili vilikuwa vyeusi.

"Bibi, zahanati wanasemaje?"

"Niende kufanya nini? Si ulisema kimefunga?"

Koku akakaa sakafuni na gauni lake la kanisani.

"Kile hakikuwa kidonda, Bibi. Ni mkwaruzo, kwenye kisahani. Zile seli hazina kisukari, hazina wadudu. Tunazilisha sisi wenyewe, tunaziweka kwenye joto."

"Sasa mkwaruzo mnauitaje kidonda?"

"Ndivyo tulivyozoea."

"Na huyo mwenye ngozi, alikuwa anaumwa?"

"Hana mwenyewe, Bibi. Ni seli tu."

"Basi angekosaje kupona."

Tulimpeleka hospitali siku hiyohiyo. Mwanawe anayeishi Mbweni alipiga simu, akasema foleni barabarani ni kubwa. Kwa kuwa sumu ilikuwa imepanda, madaktari wakamkata mguu chini ya goti.

Amerudi nyumbani. Kila asubuhi, kabla ya kwenda maabara, Koku anapiga magoti kumbadilishia bandeji, na Bi Chausiku anamwachia mguu, uso ukutani. Haitwi tena mjukuu. Juzi Koku alisema taratibu, "Kinaanza kufunga, Bibi."

"Usiniambie," akajibu Bi Chausiku. "Niletee kioo nijionee."