Mkia wa Pofu Ng'ambo ya Kijito

Ming'oko ikichemka hutoa harufu ya udongo ulionyeshewa, na mwaka ule wa njaa, baada ya vita vya Maji Maji, harufu hiyo ilijaa Ungoni nzima hata nadhani samaki wa Ziwa Nyasa waliisikia. Wadachi walikuwa wamechoma maghala yetu, nasi tuliobaki tulichimba mizizi hiyo porini tangu alfajiri hadi jua kuzama. Mimi, Tabu, nilikuwa binti mdogo, mwembamba kiasi kwamba nikiligeuzia jua ubavu sikuwa na kivuli. Kuandika nimejifunza uzeeni, katika shule ya usiku, kwa mwalimu aliye rika la wajukuu zangu; basi nikikosea herufi mlaumuni yeye. Lakini pofu, yule mnyama wa pembe za kusokotwa, nitakayewasimulia habari zake nilimwona kwa macho yangu mwenyewe.

Baba alikuwa mwindaji. Vita vilipokwisha, boma la Songea lilinyang'anya watu bunduki na mikuki, kisha wachache wakapewa cheti cha kuwinda, kila mtu upande wake. Upande wetu uliishia kwenye kijito kinachoteremkia mto Hanga. Ng'ambo ilikuwa ya Mzee Komba, mwindaji mwenye sauti ya ngoma na tumbo ambalo hata njaa ililiogopa. Mpaka huo hakuuanzisha Mdachi. Babu zetu walikuwa nao, na sheria yake kila mtoto aliijua. Mnyama uliyemjeruhi kwako akifia kwa mwenzako, unachomeka mkuki ardhini upande wako, unapuliza pembe, unamngoja mwenye pori. Ubavu uliolalia udongo ni wake, wa juu ni wako. Na mkia hukatwa nyote wawili mkiwapo, maana mkia ndio alama: aliyeushika ndiye mwenye nyama. Boma liliongeza la kwake tu, kwamba atakayejitwalia nyama ya ng'ambo atapokonywa cheti na kuchapwa kiboko. Bila cheti cha baba, sisi tungekula ming'oko mpaka tuote mizizi.

Siku hiyo baba alimchoma mkuki pofu mkubwa kama nyumba ya misheni. Mnyama akayumba, akavuka kijito, akaanguka hatua chache tu ng'ambo. Kijiji kizima kikaja na vikapu, visu na vigelegele. Baba akaokota mkuki wake uliomdondoka pofu majanini, akauchomeka ukingoni, akapuliza pembe, akaketi. “Havuki mtu,” alisema. “Subira huvuta heri.”

“Baba Tabu,” mama akamjibu, “hiyo heri inatafunika? Au watoto watatafuna mkuki?”

Watu wakacheka kwa midomo mikavu. Ndipo baba mdogo, ndugu yake baba, mtu wa maneno mengi na subira ya nzi, akasema, “Kwani kijito kina macho?” Akakanyaga maji, akaukata mkia, akarudi akiuzungusha hewani kama amemuua simba saba. Kabla shangwe haijaisha, pembe ya Mzee Komba ikajibu kutoka kichakani, karibu kabisa. Mchuma janga hula na wa kwao.

“Urudishe,” baba alisema.

“Anione nao? Atanichoma kama nguruwe!”

Baba naye angevuka, angekuwa amevunja sheria ileile aliyokuwa akiilinda. Akanigeukia mimi. “Tabu, mtoto hana mpaka wa kuwinda. Upeleke mahali pake.”

Nikaupokea. Ulikuwa mzito kama chatu na ulikuwa na nzi wa nchi nzima. Nilipofika kwenye mzoga, majani yakafunuka: Mzee Komba, na nyuma yake askari wa boma na kiboko mkononi.

“Wewe panzi! Nani kakupa mkia wangu?”

“Shikamoo babu. Kaukata baba mdogo. Baba kasema urudi.”

“Baba yako yuko wapi?” askari akauliza. Nikaonyesha ng'ambo.

Mzee Komba akatazama. Aliona mkuki umesimama, na nyuma yake watu wenye njaa ambao hakuna hata mmoja aliyelowa miguu, isipokuwa mwanamume aliyejificha nyuma ya mama yangu. Akacheka mpaka ndege wakaruka.

“Huyo mwenye miguu mibichi nimchukue?” askari aliuliza.

“Mwachie mimi, bwana askari. Mkia umerudi, kesi imekwisha. Yeye atanibebea ubavu wangu hadi nyumbani, na njia nzima nitamwimbia.”

Cheti cha baba kikabaki. Siku hiyo nilikula nyama mpaka kivuli changu kikarudi. Na kiangazi kilichofuata, pori letu lilipokuwa tupu, ni Mzee Komba aliyepuliza pembe kutuita kwake.

Siku hizi kuna Bwana Nyama, afisa wa wanyamapori, na leseni zake, na mipaka ina mawe yaliyopakwa chokaa. Mwezi uliopita mjukuu wangu alimjeruhi mbawala, mnyama akafia ndani ya hifadhi. “Bibi,” akaniambia, “mpaka upo, ila Bwana Nyama hayupo.” Nikamwambia, “Zamani pembe moja ilitosha kumleta jirani; wewe una baiskeli, panda ukamtafute.” Alikwenda akinung'unika njia nzima. Jioni alirudi na paja moja la nyama na leseni yake nzima mfukoni, akaniuliza kama kuna chumvi.