Kabla Mjomba Hajasema Ndiyo

Nakumbuka vizuri alasiri ile mjomba wangu Bakari aliposhuka baiskeli mbele ya nyumba yetu Diani, akaiegemeza ukutani bila kupiga hodi, akaita kwa sauti ya kufika mpaka kwa majirani: "Yuko wapi daktari? Mwambieni atoke, kuna mgonjwa nje!"

Daktari mwenyewe nilikuwa mimi, mjukuu wangu, nami nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatawala. Nilikuwa nimemaliza masomo ya sekondari Mombasa, na mwalimu mkuu alikuwa ameniita ofisini akaniambia nimepata nafasi katika chuo cha waganga wasaidizi, Nairobi. Vijana wa Kwale waliopata bahati kama ile walikuwa wachache mno. Nilirudi nyumbani nikamweleza baba peke yake, kwa sauti ya chini, maana mimi nilikuwa mtoto wa haya nyingi. Nilikuwa mtu wa kuandika kila jioni niliyoyaona, si mtu wa kuyasema. Baba alifurahi hata akasahau kumalizia chakula chake. Ijumaa iliyofuata akawatangazia wenzake msikitini. Na habari njema, unajua mwenyewe, haikai mahali pamoja.

"Mgonjwa ni mimi," mjomba alimwambia baba, akiwa amesimama bado. "Masikio yananiuma. Yamesikia habari za mwanangu kwenye feri ya Likoni, kutoka kwa muuza mihogo. Muuza mihogo, shemeji! Ati ananipa hongera. Nami nikamjibu ahsante, kama mtu anayejua anachopongezwa."

Hapa nikueleze jambo, kwa sababu nyinyi wa leo mmelisahau. Kwetu Wadigo, ndugu wa mama hakuwa mgeni wa sikukuu tu. Ndiye aliyeulizwa mtoto anapotaka kuoa, kusafiri, au kushika kazi. Dini nayo ikatufundisha kwamba mtoto ni wa baba. Basi sisi tulikulia baina ya milango miwili, na mtoto mwenye akili alibisha yote miwili. Mimi nilibisha mmoja.

Wala si kwamba nilisahau. Niliogopa. Mjomba alikuwa mnyapara kwenye mashamba ya miwa Ramisi, mtu aliyezoea kumwita mtu aliye upande wa pili wa shamba na mtu akaja. Nilimwomba mama anisemee kwa kaka yake. Mama akaendelea kukuna nazi, hata kichwa hakuinua. "Jambo hili lina mdomo wako, Juma," alisema. "Wangu uko na mengine." Nami nikawa naahirisha, leo nitakwenda, kesho nitakwenda, mpaka muuza mihogo akanitangulia.

Baba alimkaribisha mkekani. Mjomba akakataa kukaa. Baba naye akaudhika.

"Mtoto ni wangu kwa sheria, Bakari."

"Ni wako kwa sheria. Na mila je? Nani alimpeleka Mombasa siku ya kwanza, wewe ukiwa kitandani na homa? Mimi nimekwisha mwombea kazi kwenye kiwanda cha sukari Ramisi, karani wa mizani. Nimetoa ahadi yangu. Sasa nikawaambie nini? Kwamba mpwa wangu amekuwa mkubwa kuliko mimi?"

Wakarushiana maneno, mwanangu, wazee wawili niliowapenda, na jina langu likipita baina yao kama mpira. Ndipo nilipoelewa kwa nini wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Nilikuwapo, hatua chache tu, na langu halikuwapo kwa sababu sikuwa nimelisema. Kama ningebaki nyuma ya mlango ule, jambo lingekwisha kwa mmoja wao kushinda, na yeyote ambaye angeshinda, mimi ningeshindwa. Kwenda Nairobi bila radhi ya mjomba hakukuwezekana. Kukaa mizanini ili kumridhisha kungeniua polepole.

Nikatoka. Nikasimama baina yao.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, daktari." Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye vidole vya miguu. "Haya, niambie. Huyo mganga msaidizi, asubuhi akishaamka, hufanya nini?"

"Hutibu wagonjwa."

"Hilo hata kuku wa mama yako wanalijua. Nakuuliza, anaingia kazini. Cha kwanza anashika nini? Adhuhuri yuko wapi? Anarudi nyumbani ananuka nini?"

Katika mambo yote niliyoyasoma, hilo sikuwa nimeliuliza. Nilikuwa nimemwona mganga mmoja Mombasa, koti lake jeupe limepigwa pasi, watu wakimpisha njia, nikasema moyoni, mimi nitakuwa kama yule.

"Wewe umechagua koti," mjomba alisema, na safari hii hakupaza sauti, ndiyo maana yaliniingia. "Kazi hujaichagua, kwa sababu huijui. Mtu haoi kanga akasema ameoa mke."

Baba, pamoja na hasira zake, akacheka. Mimi uso ukaniwaka moto. Lakini mwanangu, kuna maneno yanayokuchoma na bado ni ya haki. Nikasema kitu ambacho hata mimi kilinishangaza:

"Na ya mizani siijui pia, mjomba. Nipe muda mpaka Ijumaa nikazione zote mbili. Nitakuja mwenyewe kukuambia."

Mjomba akamgeukia baba. "Kumbe lina ulimi hili!" Akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Nikaenda kukaa kwa shangazi yangu Msambweni. Kwanza nilikwenda Ramisi. Mjomba akanikabidhi kwa karani mzee wa mizani, nami nikashinda pale nikitazama miwa inavyopimwa na kuandikwa. Nisikudanganye, nilipenda. Kulikuwa na kivuli, kiti, na chai saa nne. Hesabu zilinikubali, na karani mwenyewe alisema kijana huyu anafaa. Kazi ile haikuwa duni, na mtu akikuambia kazi ya mwenzako ni duni, mkimbie. Kilichonitia shaka ni kwamba jioni nilipotaka kuandika ya siku ile, kalamu ilisimama. Nilikuwa nimeona miwa mingi, sikuwa na la kusema juu yake.

Kisha nikaenda hospitali ya Msambweni. Baba alikuwa akifahamiana na Bwana Salim, mfungaji vidonda, dresa kama tulivyowaita. Akaniombea ruhusa nikae naye, nishike nitakachoambiwa. Nilivaa shati langu jeupe, bado naota lile koti. Kabla ya adhuhuri shati lilikuwa na dawa ya zambarau, na damu, na mengine nisiyotaka kuyataja ukiwa hujala. Bwana Salim alipofungua bandeji ya kwanza, harufu ilinipiga nikatoka nje nikashika ukuta. Akanifuata.

"Unatapika au unarudi?" akaniuliza. "Vyote viwili vinaruhusiwa, lakini kimoja kimoja."

Nikarudi.

Siku ya pili waliletwa watu kutoka mashambani, na mmoja wao alikuwa mkata miwa wa Lungalunga, mzee kidogo, panga lilikuwa limempiga mguuni. Alikuwa akipiga kelele na kumsukuma kila amkaribiaye. Bwana Salim akaniambia nishike beseni, nikae upande wa kichwa chake. Nikakaa. Sikujua la kufanya, nikafanya ninalolijua, kunyamaza na kumtazama. Kisha nikamwuliza taratibu, "Nyumbani umemwacha nani, mzee?"

Akaanza kunieleza. Ana binti aliyejifungua juzi, mtoto wa kiume, hata jina hajapewa. Nikamwuliza yeye angempa jina gani. Akataja, akakataa mwenyewe, akataja jingine. Bwana Salim akasafisha, akashona, akafunga. Yule mzee aliguna mara kwa mara, lakini hakumsukuma mtu tena. Mwisho akaniambia, "Wewe kijana unasikiliza. Wenzako huniambia nyamaza."

Mwanangu, mimi niliyeshindwa kusema na mjomba wangu mwenyewe, pale ulimi wangu ulikuwa mwepesi. Haya zangu, zilizokuwa mzigo mbele ya wazee, mbele ya mgonjwa ziligeuka adabu. Jioni ile niliandika mpaka shangazi akaniambia nizime taa. Na koti sikulitaja popote.

Ijumaa, baada ya swala, nilinunua sukari na kahawa, maana kwa mjomba huendi mikono mitupu, nikaenda kwake Msambweni. Safari hii sikumtuma mama, wala sikumngoja baba. Nilibisha hodi, nikaamkia, nikakaa chini. Nikamweleza mganga anashika nini asubuhi, adhuhuri yuko wapi, na ananuka nini anaporudi. Nikamweleza ya mizani pia, na kwamba niliipenda. Sikuyaficha ya kutoka nje na kushika ukuta. Kisha nikasema, "Nimeichagua kazi, mjomba. Nimekuja kukuomba radhi."

Akachukua pakiti ya kahawa akainusa.

"Na nikikataa?"

"Nitarudi kesho kukuomba. Na kesho kutwa. Bila radhi yako sitakwenda, lakini kuomba sitaacha."

"Chuo kikifunguliwa wewe bado unaniomba?"

"Nitakuomba na mlango wa chuo ukiwa umefungwa. Mwaka ujao utafunguliwa tena."

Akaniangalia, na kwa mara ya kwanza sikuinamisha macho.

"Umemrithi mama yako," akasema. "Watu humdhani mpole." Kisha akasimama, akavaa kofia yake. "Kaniitie baba yako aje hapa kesho. Radhi haitoki nyumba moja. Nami nina pangu pa kwenda. Nimeahidi watu karani, na karani simpeleki. Sharti nikaseme mwenyewe, kama wewe ulivyosema mwenyewe."

Alikwenda kiwandani akaomba samahani, mtu yule ambaye sikuwahi kumsikia akimwomba mtu samahani. Mwaka mzima walimtania kuwa mnyapara asiyetiiwa na mpwa wake. Alilibeba hilo kwa ajili yangu, nami sikulisahau.

Kesho yake baba na mjomba walikaa mkeka mmoja. Baba akasoma Fatiha. Mjomba akachukua maji mdomoni akanipulizia kifuani, kama walivyofanya wazee wetu, akasema, "Nenda. Ukianguka, inuka. Ukichoka, kumbuka hukutumwa na mtu, uliomba mwenyewe."

Nikaenda. Baridi ya Nairobi, Kiingereza cha walimu, mitihani, vyote vilinipiga, na kuna usiku nililia chini ya blanketi. Mwaka wa kwanza nilianguka somo moja nikalirudia. Lakini sikuwahi kujiuliza nimefika pale kwa nini, na hilo peke yake ni nusu ya elimu. Nilirudi nikawatibu watu wa pwani hii mpaka nywele zikawa kama unavyoziona.

Basi nikuambie waziwazi, mwanangu, maana sasa nawe umemaliza skuli na kila mtu ana neno juu yako. Kozi mnachagua kwenye simu siku hizi, kwa jina lake tamu au kwa sababu rafiki yako ameichagua. Usiichague kazi kwa koti. Nenda ukamwone anayeifanya. Mwulize kinachomchosha, si kinachompendeza tu. Kaa naye mpaka ile sehemu inayonuka, uone kama utatoka nje usirudi, au utatoka nje ukarudi. Na utazame ni wapi ulimi wako au mikono yako inakuwa myepesi bila kulazimishwa, kwa maana huko ndiko Mungu alikoweka riziki yako. Usidhani aibu yako au upole wako ni ugonjwa. Huenda ni chombo ambacho hujapata kazi yake.

Wazee wako waulize, wote, hata yule unayemwogopa. Hasa yule unayemwogopa. Mnyonge hajengewi hoja na mtu mwingine, na asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ukienda kwao, nenda na sababu, usiende na machozi. Wakikukatalia, usiwatukane na usikate tamaa. Rudi kesho. Kijana anayerudi kuomba kwa adabu ni vigumu kumkataa kuliko kijana anayepiga mlango kwa teke. Na mlango mmoja ukifungwa mwaka huu, soma, jiandae, ujao upo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama si kushindwa.

Mwenyezi Mungu akuonyeshe kazi yako na akupe moyo wa kuiomba. Akujaalie walimu wenye subira na wenzio wasiokucheka. Mkono wako uwe wa nafuu kwa kila utakayemshika, na uchovu wako wa jioni uwe uchovu wa halali. Radhi yangu unayo, nzima. Sasa kapige hodi kwenye mlango ule mwingine, wa mjomba wako.