Tangawizi Aliyonitumia Mama

Njaa ukiizoea haiumi tena, inakubeba. Mwaka ule nilikuwa nauza vitenge mjini Same, upepo wa tambarare ukitupiga vumbi mchana kutwa, nami nikitembea kama mtu anayeota kwamba anatembea. Kila gauni nililojaribu lilinipwaya. Nilifurahi sana.

Chanzo chake ni dada mmoja wa mtandaoni, mwenye kiuno cha nyigu na jiko jeupe ambalo nadhani halijawahi kuunguza maharage. Kila asubuhi alikunywa tangawizi na limau, akasema inafukuza njaa. Nilimwamini kuliko nilivyowahi kumwamini mchungaji wetu. Nikampigia simu mama, mkulima wa tangawizi kule milimani Mamba, nikamwomba anitumie kidogo.

Mama alifurahi kupita kiasi. Sisi watoto wake tuliichukia tangawizi tangu utotoni kwa kuchoka kuing'oa, na sasa mmoja wetu ameipenda! Alinichagulia vipande vinono, akaviosha, akavituma kwa bodaboda. Vikiisha, anatuma vingine. Akiniuliza kama nakula vizuri, nilimjibu ndiyo, kikombe kikiwa mkononi.

Kisha nikapanda nyumbani, nikakuta siku ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima ya kuzibua mfereji wa maji. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, watu wamebaki sauti na mlio wa majembe. Nilishika chepe. Mikono ilikuwa yangu, lakini niliiona iko mbali. Kazi ilipoisha yakapakuliwa makande ya mahindi na maharage, maana kwetu msaragambo usiomalizika kwa kula pamoja haujamalizika. Nikarudi nyuma na bakuli langu, nikalimwaga kwenye shina la mgomba. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama pale.

Alingoja watu watawanyike. Nyumbani alitaka nimweleze, nikamwonyesha yule dada kwenye simu. Aliangalia mpaka mwisho, akaniomba nirudie.

“Anasema inafukuza njaa?”

“Ndiyo, mama.”

“Na mimi ndiye niliyekuwa nakutumia.”

Nilimwambia hakujua. Sidhani kama alinisikia. Alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, nami nikaona aibu na hasira kwa pamoja. Mwili ni wangu, kwa nini aumie yeye?

Asubuhi alipasha kiporo cha makande, akaweka mabakuli mawili. Nikasukuma langu. Naye akasukuma lake.

“Kula, mama, unaenda shamba.”

“Nitakula ukila.”

Nilidhani ananitisha tu. Wapare tunataniwa kwa ubishi, na asubuhi ile walikuwa wamekutana wawili. Mwishowe nikachota kijiko kimoja. Naye akachota kimoja. Nikasita, akasita, tumbo lake likinguruma mpaka nalisikia. Nilitafuna huku nalia, ukungu umejaa mlangoni na jogoo wa jirani anawika kama aliye nchi nyingine. Nusu ya bakuli sikuifikia.

Mama alipoona nimekwama, aliweka kijiko chake chini. Akajifunga kanga kiunoni, akachukua jembe, akaenda kulima hivyohivyo.